Nyambizi Chini ya Manusura: Msafara wa Kilindini wa 1944

Mwanzoni mwa Februari 1944, meli tano zilizojaa askari ziling'oa nanga bandari ya Kilindini, Mombasa, zikielekea Colombo. Msafara wenyewe uliandikwa KR 8 kwenye makaratasi ya jeshi. Mojawapo ya meli hizo iliitwa Khedive Ismail, na ndani yake mlikuwa na watu 1,511. Wengi walikuwa askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, wakipelekwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, kabla ya kuingizwa kwenye vita vya Burma. Walikuwamo pia mabaharia wa Kiingereza na wauguzi wanawake. Jumamosi ya tarehe 12, saa nane na nusu mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, torpido mbili (makombora yanayokwenda ndani ya maji) za nyambizi ya Kijapani ziliipiga ubavuni. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Waliokufa ni watu 1,297. Waliopona ni wanaume 208 na wanawake 6.

Kisa hiki husimuliwa mara chache mno hapa Mombasa ukilinganisha na uzito wake, na kikisimuliwa hukwamia mahali pamoja. Meli ilipokwisha kuzama, mamia ya watu walikuwa majini wakishikilia mbao na maboya, na nyambizi iliyowapiga bado ilikuwa pale pale chini yao. Manowari ya Kiingereza iitwayo Petard ikapita karibu na waogeleaji hao, ikadondosha mabomu ya kulipukia chini ya maji. Baadhi ya walioponea kwenye meli wakauawa na mabomu ya upande wao wenyewe.

Nahodha wa Petard alikuwa na roho gani? Swali ni la haki kabisa. Ila halijibiki mpaka mtu aelewe nyambizi ya wakati ule ilikuwa chombo cha namna gani, kwa sababu wengi wetu tunapolisikia neno hilo tunafikiria nyambizi za siku hizi, ambazo hukaa chini miezi kadhaa bila kuibuka.

Nyambizi ya Vita Vikuu vyote viwili ilikuwa meli ya dizeli yenye uwezo wa kujificha kwa muda. Mfano wake ni nyangumi: anaishi baharini lakini si samaki, hana budi kupanda kuvuta pumzi. Juu ya maji chombo kilikwenda kwa injini za dizeli, na dizeli haiwaki bila hewa. Kikitaka kuzama, injini huzimwa, mifuniko hufungwa, na matangi ya pembeni hufunguliwa ili hewa itoke na maji ya bahari yaingie. Kikishakuwa kizito, kinashuka. Kikitaka kupanda, hewa iliyoshindiliwa kwenye mitungi huyasukuma maji yale nje. Huko chini rafadha huzungushwa na mota za umeme zinazokula betri, na betri hizo hazikuchajiwa ila kwa kupanda juu na kuwasha dizeli tena.

Chukua nyambizi ya Kijerumani ya aina ya VII, iliyoundwa kwa wingi kuliko nyingine zote katika vita vya pili. Juu ya maji ilifika kasi ya kilomita 33 kwa saa. Chini haikuzidi 14, na kwa mwendo huo betri zilikwisha upesi. Ili zidumu, ilibidi itambae kwa kilomita 7 kwa saa, na hapo ingeweza kwenda kama kilomita 150 kabla ya kulazimika kuibuka. Hata meli ya mizigo iliyochakaa ingeiacha nyuma. Wakati huo wote watu wapatao hamsini wanavuta hewa ile ile, na inazidi kuchafuka.

Kwa sababu hiyo, nahodha wa nyambizi alipenda kushambulia usiku akiwa juu ya maji, au mchana ajitangulize mbele ya msafara, azame, asubiri meli zimfikie. Kwa sababu hiyo hiyo, manowari za kusindikiza msafara hazikuwa na lazima ya kuizamisha nyambizi ili zishinde. Kuilazimisha ikae chini kulitosha: huko inakuwa pofu na goigoi, na msafara unakwenda zake. Au manowari ibaki pale pale kuibana, saa baada ya saa, mpaka betri au hewa imtoe adui mwenyewe. Jambo moja tu halikuruhusiwa, nalo ni kusimama.

Somo hilo Waingereza walilipata kwa gharama kubwa tarehe 22 Septemba 1914. Manowari zao tatu kuukuu, Aboukir, Hogue na Cressy, zilikuwa zikipiga doria nje ya pwani ya Uholanzi. Nyambizi ya Kijerumani U-9 ikaipiga Aboukir. Wenzake, wakidhani amegonga bomu la kutegwa majini, wakasogea na kuteremsha mashua ili wawaokoe mabaharia. Hogue ikapigwa. Kisha Cressy. Katika muda usiotimia saa moja na nusu walikufa watu wapatao 1,450, na nyambizi yenyewe haikuwa na hata mabaharia 30. Tangu siku hiyo kila afisa wa majini alifundishwa kwamba meli inayosimama kuokoa watu wakati nyambizi iko karibu inaongeza idadi ya watakaohitaji kuokolewa.

Sasa turudi Maldivi. Msafara wa Kilindini ulikuwa na manowari tatu tu za kuulinda: Hawkins, ambayo ilikuwa kubwa na nzito isiyofaa kuwinda nyambizi, na mbili nyepesi za kasi, Paladin na Petard. Meli nne zilizobaki zilitawanyika kwa kasi. Paladin ilianza kuokota watu. Petard, chini ya nahodha Rupert Egan, ikaanza kusaka.

Chombo cha kusakia kilikuwa sonari, ambayo hupiga mlio ndani ya maji na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwenye kitu kigumu. Mwangwi ukarudi kutoka mahali manusura walipokuwa wakielea. Egan akawa na njia mbili. Ya kwanza, kungoja watu waokolewe kwanza. Lakini Paladin ilikuwa imejaa manusura na ikienda polepole, shabaha nyepesi kuliko zote, na nyambizi ingeweza kuipiga au kutoroka na kuzifuata meli nne zenye maelfu ya askari. Ya pili, kudondosha mabomu papo hapo, ndiyo aliyoichagua. Bomu la aina hii ni pipa la baruti lenye kiwashio kinachoamshwa na uzito wa maji kwenye kina kilichopangwa. Halihitaji kuigusa nyambizi, maana maji hayabonyezeki, na mshindo wenyewe ndio unaopasua chuma. Mshindo huo huo hupasua mapafu na matumbo ya anayeogelea karibu.

Mimi naona alichagua sawasawa. Sitamlaumu, hata hivyo, yeyote ambaye babu yake alikuwa majini siku ile akiona vingine.

Mabomu yaliifanya nyambizi iibuke. Ilikuwa I-27, ya Luteni Kamanda Fukumura Toshiaki, dude la urefu wa zaidi ya mita 100, lenye watu karibu 100. Manowari mbili zikaimiminia makombora ya mizinga, lakini hayakuweza kuupasua mwili wake mnene wa chuma. Paladin ikajipanga kuigonga kwa pua; Egan akaamuru isifanye hivyo, ikageuza usukani kwa ghafla, na bapa la ubavuni la nyambizi likaichana Paladin chini ya usawa wa maji. Ikabaki Petard peke yake. Ikaanza kurusha torpido, moja baada ya nyingine, na zote zikakosa shabaha iliyokuwa ikijizungusha juu ya maji. Ya saba ndiyo iliyoipata. Kati ya watu wote wa I-27, alipona mmoja.

Petard ni chombo cha kushangaza hata bila kisa hiki. Ndiyo manowari pekee ya Washirika iliyozamisha nyambizi za mataifa yote matatu ya upande wa pili: Ujerumani, Italia na Japani. Ile ya Kijerumani ilikuwa U-559, Oktoba 1942, mashariki mwa Mediterania. Yeye na wenzake waliibana kwa saa nyingi, kuanzia mchana mpaka usiku, hadi ikaibuka yenyewe na mabaharia wake wakaruka. Luteni Anthony Fasson na baharia Colin Grazier wakaingia ndani ya chombo kilichokuwa kikijaa maji, wakawa wanapitisha vitabu vya siri juu kwa kijana wa kantini, Tommy Brown. Nyambizi ikazama nao wawili humo ndani. Vitabu vile viliwawezesha Waingereza kusoma tena ujumbe wa redio wa nyambizi za Kijerumani, uliokuwa umewashinda kwa miezi kumi.

Redio inatuleta Mombasa, kwenye sehemu ya historia ambayo wanafunzi wengi wa Allidina Visram nadhani hawajaisikia. Aprili 1942 Wajapani waliishambulia Ceylon kwa ndege, na kundi la manowari za Kiingereza la bahari hii likahamishia makao yake Kilindini. Pamoja nalo wakaja wavunja-siri, yaani watu wa kunasa ujumbe wa redio wa Wajapani na kuufumbua, na shule ya Allidina Visram ikachukuliwa iwe ofisi yao. Mitambo yao ilikuwa mbali mno na adui, mawimbi yakifika dhaifu. Hata hivyo, Septemba 1942 Wajapani wakafanya kosa katika ujumbe wa meli zao za biashara, uliotumia msimbo uitwao JN-40. John MacInnes na Brian Townend wakalidaka kosa hilo, na kufikia Novemba walikuwa wakisoma kila kilichonaswa. Meli ya Kijapani iliyotangaza mahali ilipo na inakoelekea ilikuwa imewatangazia na watu wa Mombasa. Katika vita nzima, zaidi ya nusu ya shehena ya meli za biashara za Japani zilizozamishwa ilikuwa kazi ya nyambizi za Marekani, na usomaji wa siri za redio ulikuwa na mchango mkubwa katika hilo.

Mwambao wetu wenyewe haukuwa salama. Usiku wa tarehe 30 Mei 1942 nyambizi ndogo za Kijapani, za watu wawili wawili, ziliingia bandari ya Diego Suarez kule Madagaska, ambayo Waingereza walikuwa wametoka kuiteka. Ziliijeruhi manowari kubwa Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta, British Loyalty. Juni na Julai zile kubwa zilizozibeba ziliranda Mlango wa Msumbiji na kuzamisha zaidi ya meli 20 za mizigo. Mwaka uliofuata wakaja Wajerumani. Mei 1943 walikuwa wamepoteza nyambizi zaidi ya 40 katika mwezi mmoja, nyingi zikiwa huko Atlantiki, kwa sababu ya rada mpya na ndege zinazofika mbali, basi baadhi ya manahodha wakapelekwa Bahari ya Hindi ambako ulinzi ulikuwa hafifu, wakitumia bandari ya Penang, kule Malaya, kwa ruhusa ya Wajapani.

Mmoja wa Wajerumani waliotumwa huku alikuwa Heinz Eck wa U-852. Tarehe 13 Machi 1944, akiwa bado Atlantiki, aliizamisha meli ya Kigiriki Peleus. Mabaki yaliyokuwa yakielea yakamtia hofu: ndege ikiyaona itajua kuna nyambizi. Akaamuru yapigwe kwa bunduki za rashasha na maguruneti, na juu ya mabaki yale walikuwamo watu. Watatu tu walipona, wakaokotwa Aprili 20. Wiki mbili baadaye ndege kutoka Aden ziliikuta U-852 nje ya pwani ya Somalia, zikaiharibu isiweze kuzama tena, na Eck akaipandisha mchangani Bender Beila. Mabaharia wake wakakamatwa. Kitabu cha safari hakikuchomwa, na ndicho kilichoonyesha wazi nani aliyeizamisha Peleus. Eck na maafisa wake wawili walihukumiwa Hamburg na kupigwa risasi tarehe 30 Novemba 1945. Hakuna nahodha mwingine wa nyambizi ya Kijerumani aliyenyongwa au kupigwa risasi kwa kosa la vita baharini.

Mtu anaweza kuuliza tofauti ya Eck na Egan iko wapi, kama wote wawili waliua watu majini. Iko kwenye shabaha. Egan alikuwa akimlenga adui mwenye torpido chini ya watu wale. Eck hakuwa na adui yeyote mbele yake, alikuwa akifuta ushahidi. Sheria za kabla ya vita zilidai hata zaidi: makubaliano ya London ya 1936 yalikataza nyambizi kuzamisha meli ya biashara kabla watu wake hawajawekwa mahali salama. Kwa maandishi ni vizuri. Lakini utawaweka wapi? Nyambizi haina nafasi, na ikikaa juu kugawa maboya imejianika. Septemba 1942 nahodha Werner Hartenstein wa U-156 alijaribu. Alikuwa ameizamisha Laconia, akagundua imebeba wafungwa wa Kiitaliano wapatao 1,800, akatangaza kwa redio, kwa Kiingereza, kwamba hatashambulia meli yoyote itakayokuja kusaidia. Akatandaza bendera ya msalaba mwekundu na kuvuta mashua za manusura. Ndege ya Marekani ikaja kumpiga mabomu. Mkuu wake, Karl Dönitz, akatoa amri kwamba kuanzia hapo manusura wasisaidiwe. Ukiangalia vizuri, hesabu ni ile ile iliyomkabili Egan, imegeuzwa tu upande.

Na hao waliokuwa ndani? Huwa tunawaona kama wauaji wa gizani, nao kwa kiasi fulani walikuwa hivyo, lakini maisha yao hayakuwa ya kuonewa wivu. Katika nyambizi ya aina ya VII vitanda vilikuwa pungufu ya watu. Anayetoka zamu hulala palipo na joto la aliyekwenda zamu. Safari ilipoanza, vyakula vilipangwa kila mahali penye upenyo, na kimoja kati ya vyoo viwili kiligeuzwa stoo. Mkate uliota ukungu mweupe, wakaukata pembeni na kuula uliobaki. Maji baridi yalikuwa ya kunywa, si ya kuoga, hivyo watu walirudi na ndevu na harufu ya dizeli isiyotoka nguoni. Waliokuja bahari zetu walipata na joto juu yake, kwenye chuma kilichofungwa, chenye injini zilizotoka kuzimwa.

Choo chenyewe kilikuwa hatari. Kusukuma uchafu nje dhidi ya uzito wa bahari kulihitaji fundi na mpangilio wa vali. Aprili 14, 1945, nje ya pwani ya Scotland, choo cha U-1206 kiliendeshwa vibaya au kiliharibika, maji ya bahari yakaingia na kufikia betri. Maji ya chumvi yakikutana na tindikali ya betri hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Nahodha akalazimika kuibuka, ndege zikamwona, na chombo kikapotea.

Wajerumani waliohudumu kwenye nyambizi katika vita vya pili walikuwa kama 40,000. Karibu 30,000 hawakurudi. Sijui tawi lingine la jeshi lililoendelea kupokea vijana kwa kiwango hicho cha vifo mpaka mwisho. Wamarekani walipoteza nyambizi 52 na watu zaidi ya 3,500.

Udhaifu wa betri na hewa uliondolewa na nishati ya nyuklia. Nautilus ya Marekani ilianza kazi mwaka 1954, na mwaka 1958 ikapita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini. Tanuri la nyuklia halihitaji hewa, na umeme wake hutenganisha oksijeni kutoka kwenye maji ya bahari, kwa hiyo kinachoirudisha nyambizi bandarini sasa ni chakula kuisha. Mwaka 1982 Conqueror ya Uingereza iliifuatilia manowari ya Argentina, General Belgrano, kwa zaidi ya siku nzima bila kuonekana, kisha ikaizamisha. Walikufa watu 323.

Za dizeli hazikutoweka lakini, na mwaka 1962 moja yake ilikaribia kuitia dunia matatani. Nyambizi ya Kisovieti B-59 ilikuwa Atlantiki wakati wa mgogoro wa makombora ya Cuba kati ya Marekani na Wasovieti, imebanwa na manowari za Marekani zilizokuwa zikidondosha mabomu madogo ya kuiashiria ipande. Betri zilikuwa zinakwisha, joto ndani limepita nyuzi 45, hewa nzito, na redio haisikiki. Ilikuwa na torpido moja ya nyuklia. Kwa maelezo ya baadhi ya waliokuwamo, nahodha alitaka iandaliwe. Afisa mwenzake, Vasili Arkhipov, akamtuliza. Wakapanda juu, wakachaji betri, wakageuza kurudi nyumbani.

Kuna wanaouliza mbona Jeshi la Majini la Kenya, lililo na makao yake Mtongwe, halina hata nyambizi moja. Moja haisaidii kitu. Kwa kawaida nchi huhitaji tatu ili moja iwe baharini, maana nyingine itakuwa kwenye matengenezo na nyingine kwenye mafunzo. Afrika Kusini ilinunua tatu za dizeli kutoka Ujerumani, zikawasili kati ya 2006 na 2008, na kuzigharimia ziendelee kutoka bandarini kumekuwa mzigo mkubwa kwake. Kazi za kila siku za baharini huku kwetu, yaani maharamia, magendo na meli za kigeni zinazovua bila kibali, zinahitaji boti za doria zinazoonekana, na ndizo zinazonunuliwa na Mtongwe.